Mama Kivuli Anaondoka, Mama Yake Anabaki Kitabuni

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuandika vitabu vyenye majina ya watu wengine, Mama Kivuli anastaafu leo, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wengi mlioketi ukumbini mna kitabu chake nyumbani na hamjui.

Kwanza nieleze kwa nini naandika mimi. Wasifu wa kila mstaafu wa kampuni hii ya vitabu, tangu fundi mitambo wa kwanza hadi mlinzi wa mwaka jana, aliuandika yeye, kisha ukatoka kwa jina la mkuu wa idara. Zamu yake ilipofika, idara nzima ilitazamana. Mkuu wa idara akamwambia, "Si ujiandikie tu, mama, sisi tutaweka sahihi." Alikataa bila kupandisha sauti. Kazi ikashuka ngazi mpaka ikanifikia mimi, mwanafunzi ninayesoma prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, hapa wakati wa likizo. Mstaafu ni shangazi yangu, dada wa baba. Naomba radhi kama mapenzi yatazidi mahali fulani.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Siku moja mchezaji mpira aliyevunjika goti aliiomba kampuni imtengenezee kitabu cha maisha yake, akaleta kurasa mbili, zote za goti. Mpiga chapa alizipiga kama zilivyo, kisha akaongeza swali pembeni: ulipokuwa mtoto, nani alikuja kukutazama ukicheza? Jibu la swali hilo ndilo lililokuwa kitabu. Tangu hapo akapewa chumba nyuma ya ghala la karatasi, chenye dirisha moja na feni inayozunguka inapojisikia.

Hakuwahoji wateja waliokaa mikono mitupu. Aliwawekea mezani rundo la vipeperushi vilivyotoka mtamboni, wavikunje huku wakizungumza. Alisema mtu mwenye kazi mikononi husahau kujipamba. Jaji mmoja mstaafu alikunja matangazo ya sabuni asubuhi nzima akiapa kwamba hajawahi kumwogopa mtu, na kwenye rundo la pili akamtaja kaka yake. Wafungaji vitabu walimtania kila siku: "Mama Kivuli, tuletee mkubwa mwingine, vipeperushi vimetuzidi."

Sharti lake jingine halikuwa na msamaha. Sura ikimalizika, mteja mwenyewe aisome kwa sauti mbele yake. Pale anapojikwaa, maneno si yake, na panaandikwa upya. "Usiposoma wewe," aliwaambia, "nitakuwa nimejiandikia mimi." Mkunga mmoja aligombana naye juu ya sentensi moja tangu asubuhi mpaka saa ya chai, akashinda. Shangazi alisimulia kushindwa kule kwa furaha zaidi kuliko sifa zote alizowahi kupewa. Waliolikubali sharti hilo walipata vitabu ambavyo watoto wao husema wanavisikia kwa sauti ya baba, au ya mama.

Kisha akapewa kuandika maisha ya Mwenyekiti wa bodi yetu.

Mwenyekiti alikunja vipeperushi viwili, akatazama saa. Alisimulia viwanda, safari na mikutano. Alipoulizwa habari za mama yake alisema, "Hayo tutajaza baadaye, dada." Sura ya kwanza haikuweza kusimama bila mama, kwa hiyo shangazi akamweka wake kwa muda: mfuaji wa hospitali, ambaye alishona kifungo cha juu cha kila shati la wanawe kwa uzi mwekundu, ili ndugu wasipotezane katikati ya watoto waliovaa sare moja. Juu ya sura akaandika kwa kalamu: "Huyu ni mama yangu, anakushikia nafasi, mlete wako."

Mwenyekiti hakuja kusoma. Alimtuma msaidizi wake, kijana mwenye adabu, ambaye kila mara alisimama mlangoni na kusema, "Mzee anasema safi sana, endeleeni." Shangazi aliwaonya wakuu kwamba sura ya kwanza haijasomwa na mwenyewe. Wakamjibu kwamba ataiona kwenye prufu, na kwamba uzinduzi umeshatangazwa. Prufu nayo ilirudi mlangoni na maneno yaleyale.

Siku ya uzinduzi, katika ukumbi huuhuu, Mwenyekiti aliisoma sura hiyo kwa mara ya kwanza. Hakujikwaa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alipofika kwenye uzi mwekundu alitoa leso, na watu wakalia pamoja naye. Labda alikuwa akimlilia mama yake kweli. Sina haki ya kusema sivyo. Lakini tangu siku ile kila shati lake lina kifungo cha juu kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Mtazameni.

Nyumbani baba aliusoma ukurasa ule akiwa amesimama. Akauliza, "Dada, mama anafanya nini humu?"

"Alimshikia mtu nafasi," shangazi akasema. "Mwenyewe hakuja."

Chakula kikapoa mezani.

Shangazi alikwenda kwa Mwenyekiti. Hakuomba jina lake liwekwe popote, hajawahi kuliomba. Aliomba tu kwamba katika toleo la pili mama yule atolewe, arudi kwao. Alijibiwa kwa upole: "Mama ni mama, dada yangu. Watu wamelia. Unataka niwaambie walilia bure?"

Toleo la pili linaingia mtamboni Jumatatu. Jumatatu shangazi hatakuwa mfanyakazi tena, na hakuna mwingine humu ndani atakayelisemea jambo hili. Hata akiamua kumwandika mama yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, wasomaji watasema amemwiga Mwenyekiti.

Kwa desturi ya kampuni, wasifu wa mstaafu husomwa ukumbini na Mwenyekiti. Nakala ya huu ilipelekwa ofisini kwake wiki iliyopita ili aupitie kwanza. Msaidizi alisimama mlangoni akasema, "Mzee anasema safi sana." Basi kama sauti mliyokuwa mkiisikia imesita mahali fulani katika aya hizi, hapo ndipo panapotakiwa kuandikwa upya. Ndivyo alivyotufundisha anayeondoka. Na kama imenyamaza kabisa, wasifu huu umechapwa kwenye programu ya sherehe mliyo nayo mikononi, malizieni wenyewe.

Mama Kivuli, wafungaji vitabu wanakushukuru kwa wakubwa wote uliowaletea. Mkunga anakusalimu na bado anasema sentensi ile ilikuwa yake. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na meza iliyo karibu na dirisha kubwa. Kaa hapo umwandike tena mfuaji wa hospitali tangu mwanzo, na uzi wake mwekundu, bila kumwogopa mtu. Ukumbi mzima sasa unajua ni mama wa nani.