Sista Mindra na Shingo ya Rejoice

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, Sista Lillian Mindra anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Tunasema rasmi kwa sababu ameshatuaga mara tatu, na kila mara kesho yake amekutwa akikagua watoto njiti.

Alianzia Koboko mwaka 1991, katika kituo ambacho mashine pekee ilikuwa mizani, nayo ilimpa kila mtoto kilo mbili. Ikabidi ajifunze kumsoma mtoto kwa midomo, nyayo na pumzi. Alipohamia hospitalini kwetu Arua, alikuja na ujuzi huo, pamoja na mashaka juu ya kitu chochote chenye waya.

Mwaka 2022 alizaliwa Rejoice, wiki ya ishirini na nane ya mimba, gramu mia tisa. Mama yake, Celestina, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Omugo. Watafiti walikuwa wametuazima kifaa kinachobandikwa kwenye paji la uso kuonyesha kama ubongo unapata oksijeni. Namba ya Rejoice ilishuka kila mchana, kisha ikapanda yenyewe. Ubongo wa umri ule hauvumilii mchezo huo. Mtoto anaweza kupona na asitembee kamwe. Fundi Swaib alibadilisha waya mara mbili. Daktari Okuonzi alikaribia kuongeza oksijeni, ingawa ikizidi huharibu macho.

Sista Mindra alivuta benchi akaacha kutazama skrini, akamtazama mama. Celestina alifika, akaketi chini kama kawaida, akaingiza mkono kwenye kisanduku cha joto alimolazwa mtoto na kugeuza uso wake umwelekee. Shingo ikajipinda, damu ya kichwani ikakosa njia nzuri ya kurudi. Namba ikashuka.

Wengine tungempiga mama marufuku. Sista alinyoosha kichwa cha mtoto taratibu. "Mama, kichwa ikae sawa. Barabara ya damu iko ndogo sana hapa kwa shingo."

"Sasa ataniona namna gani, Sista?"

Hilo halikuwamo kwenye mwongozo. Sista alikwenda masjala, akarudi na kiti kirefu cha karani, akampandisha Celestina juu yake ili uso wake uwe juu ya uso wa mtoto. Namba ikatulia, siku ile na zilizofuata. Karani aliandika amesimama miezi minne, mpaka wodi iliponunuliwa viti virefu sita.

Tangu hapo Sista amefundisha wakunga wengi, kuanzia Koboko hadi Vurra, kumbadilisha njiti nepi bila kuinua miguu yake juu, damu isije ikasukumwa kichwani. Aliyesahau alikumbushwa mbele za watu.

Machi mwaka huu Rejoice alikuja kupimwa. Alikataa kubebwa, akatembea kutoka getini mpaka mlangoni, akaanguka mara moja, akainuka bila kulia. Sista Mindra alisema ameingiwa na vumbi machoni. Kwa heshima, tulifunga madirisha.

Asante, Sista. Tunakuombea afya, siku ndefu na majirani wapole huko shambani kwako Logiri. Mihogo, tunasikia, hukua hata isipochunguzwa kila saa. Jaribu kuiamini.