Simu Isiyotaka Kuinamishwa

Benchi la kijiwe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha fundi saa. Asubuhi hiyo katikati alikaa Karani, aliyepewa jina hilo kwa kutunza albamu ya ukoo, kila picha na tarehe yake nyuma. Albamu ilikuwa na ndugu wote wa marehemu baba yake isipokuwa shangazi, maana kila mpiga picha alipokuja, yeye alikuwa jikoni. Sasa ndiye pekee aliyebaki hai. Jana Karani alimpiga picha; leo saa nne shangazi anapanda basi kurudi kwake. Na simu ilikuwa na picha kumi na nane za pua ya Karani.

— Kumi na nane! alifoka. Shangazi kakaa kwenye kigoda, mimi nimesimama. Nikiinamisha simu nimpate, kamera inageuka inanipiga mimi!

— Ni hiyo programu mpya, alisema Mitambo, fundi saa. Ndani mna kitambuzi. Simu ikisimama wima, kinajua unapiga mbele. Ukiilaza, kinadhani unajitaka mwenyewe.

— Kinadhani! Nani kakituma kidhani? Kidole changu cha kuchagulia kina kazi gani?

— Nimetafuta pa kukizima, sipaoni.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alidakia Sajenti, mlinzi mstaafu. Programu ina siku ngapi humo?

— Mbili.

— Basi hata jembe bado! Unalalamika nini?

Mitambo alikuna kidevu.

— Kinavutwa na ardhi, kama timazi ya mwashi. Na mtaa huu una mteremko.

— Sebule yangu haina mteremko!

— Una hakika? Au ndio hao waliotengeneza, wanakusanya pua. Kila anayeinamisha simu, pua moja inakwenda kwao.

— Wazifanyie nini?

— Hapo ndipo siri ilipo.

— Acheni, alisema Sajenti. Kinapima adabu. Mkubwa kaketi, mdogo kamsimamia kichwani. Simu ikakupiga wewe, iwe ushahidi. Aliye juu mngoje chini!

— Yaani nifundwe na simu? Mama wa watu ana miaka themanini na sita, hana picha hata moja, halafu mashine iniambie najitaka mwenyewe!

Wakainua macho. Shangazi alikuwa amesimama mbele yao na mkoba wake, njiani kwenda kituoni.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, wanangu. Picha yangu iko wapi?

Karani akaeleza. Mitambo akamsaidia kwa timazi na mteremko. Sajenti akaongeza adabu. Shangazi akawasikiliza wote hadi mwisho, akaweka mkoba chini, akaketi kwenye benchi kati ya Karani na Sajenti.

— Sasa mwanangu, kama simu inataka kusimama wima, kwa nini hukuchuchumaa?

Mitambo na Sajenti wakaachama.

Karani akachuchumaa palepale vumbini, magoti yakalia, akaishika simu wima kama kioo. Ikapiga mara moja.

Picha hiyo sasa imo kwenye albamu. Shangazi anacheka, kulia na kushoto kwake wanaume wawili wameachama. Nyuma Karani aliandika tarehe, na chini yake: “Shangazi, akielekea basini. Wale wengine ni wataalamu.”