Nani Kamuumbua Binti wa Mama Kahawa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha fundi viatu na mlango wa studio ya picha. Wenye benchi ni watatu. Fundi viatu, ambaye wote humwita Gundi, hukaa upande wa kibanda chake ili mteja akija asihangaike kunyanyuka. Mpiga picha, Flashi, hukaa upande wa studio kwa sababu hiyohiyo. Katikati hukaa mzee mmoja aliyestaafu ukarani, jina lake Kamusi, kwa kuwa hakuna neno asilolijua, na asilolijua hulieleza kwa muda mrefu zaidi. Mama Kahawa husimama mbele yao na birika lake kila asubuhi. Miaka minne amewamiminia, na katika miaka hiyo yote hajawaambia mengi zaidi ya kuuliza sukari kiasi gani. Ila Ijumaa hii alimimina vikombe vitatu, akaweka birika chini, akatoa kadi mfukoni mwa aproni na kuiweka juu ya ubao, karibu na goti la Flashi.

— Kaka Flashi, mwanangu umemuumbua.

Flashi alicheka. Aliiokota kadi, akaipangusa kwa mkono wa shati. Ilikuwa kadi ya mtihani wa darasa la saba, na kwenye picha alikuwamo msichana mwenye mashavu laini kama yai lililomenywa.

— Shemeji, kama unanishukuru, shukuru vizuri. Nimemuumbua wapi? Hapa nimempendezesha.

— Baka lake liko wapi?

Gundi akaacha kushona. Binti wa Mama Kahawa wanamjua wote, maana hupita hapo akienda shule. Alizaliwa na baka jeusi linaloanzia chini ya jicho la kushoto na kuteremka shavuni mpaka kidevuni.

— Nimelifuta, — alisema Flashi. — Tena bila kuombwa. Wengine huja kunibembeleza.

— Mimi nilikubembeleza?

— Shemeji, kila anayekaa kwenye kiti changu namsafisha. Chunusi, kovu, pengo, vyote natoa. Ndiyo kazi.

— Jana mwalimu mkuu kaniuliza mbele ya wazazi wenzangu, huyu wa kwenye kadi nimemwazima wapi. Mtihani ni Jumatatu. Msimamizi anatoka shule nyingine, mtoto hamjui. Atashika kadi hii, atamtazama mwanangu, atamwambia wewe siye, toka. Miaka saba ya shule, Flashi.

Lile "kaka" lilikuwa limeshadondoka njiani, na Flashi alilisikia likidondoka.

— Basi sema nimekosea. Lakini nimemuumbua? Neno hilo ni zito. Mzee Kamusi, hebu mweleze.

Kamusi alipiga funda moja, akakohoa.

— Kuumbua ni kuharibu sura. Kitu kilikuwa na umbo lake, wewe ukaliharibu. Moto humuumbua mtu. Ukuta mweupe ukiuchorachora kwa mkaa, umeuumbua.

— Umesikia, shemeji? Kuharibu! Mimi nimeharibu nini? Kama ni kumuumbua mtoto, baka ndilo lililomuumbua. Mlikamate lenyewe.

— Taratibu, kijana, sijamaliza. Kuumbua pia ni kumtia mtu aibu hadharani.

— Kama ninavyoumbuliwa mimi sasa hivi, mbele ya wateja!

— Wateja gani? — alidakia Gundi. — Tangu asubuhi kapita mbuzi tu. Lakini, Mama Kahawa, mimi Flashi namwelewa. Mteja akiniletea kiatu kilichochubuka, nakipaka rangi. Anakuja kukichukua, anafurahi.

— Anajuaje kuwa ni chake?

— Anakivaa. Mguu ukiingia, ni chake.

— Na msimamizi naye aingize mguu kwenye uso wa mwanangu?

Gundi aliinama akatafuta uzi ambao haukupotea. Kamusi, aliyeona mazungumzo yanamkimbia, aliinua kidole.

— Ukichunguza sana, kila picha inaumbua. Mtu ni mrefu, picha inamfanya wa urefu wa kidole. Mtu ana kisogo, picha haina.

— Basi na kioo nacho, — alisema Gundi.

— Kioo ndicho hatari! Kinachukua mkono wako wa kulia kinaufanya wa kushoto, na hakuna anayekishtaki.

— Mkifika huko, — alisema Flashi, — na vitana vipigwe marufuku. Kila anayechana nywele anajiumbua. Na anayenawa uso asubuhi je? Afungwe!

Walicheka wote watatu. Mama Kahawa hakucheka. Aliona jinsi walivyolichukua neno lake wakalirushiana kama mpira, na mwanawe hayumo tena ndani yake. Barabarani watu humuuliza kama mtoto aliungua kwa uji, na yeye huwajibu mara moja tu: kazaliwa nalo. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kuwa shavu lile ndilo alilolibusu kwanza.

— Mnacheka, — alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. — Mtoto nimemzaa na uso wake wote. Huyu kanirudishia nusu, halafu mnacheka.

Gundi ndiye aliyezungumza kwanza, polepole, macho yakiwa kwenye kiatu.

— Flashi. Ile picha ya marehemu baba yangu.

— Ile kubwa ya fremu? Sijawahi kutoa kazi nzuri kama ile.

— Baba alikuwa na makengeza.

— Nikayanyoosha!

— Ukayanyoosha, na sisi tukakushukuru. Lakini mama kaigeuzia ukutani. Anasema hawezi kulala chumba kimoja na mwanamume asiyemjua. Mimi nikadhani ni uzee.

— Si ulisema imependeza?

— Imependeza. Ila siye. Nitolee ile ya mwanzo.

Flashi alijikuna shingo.

— Za mwanzo huwa nazifuta. Zinajaza kompyuta.

— Umemfuta baba yangu?

Gundi alikuwa amesimama, sindano mkononi, na kiatu cha mteja kimeanguka vumbini.

— Hapo sasa, — alisema Kamusi kwa sauti ya chini, — hapo neno limekaa mahali pake.

Flashi alitaka kujibu, lakini aliona wenzake wanatazama nyuma yake. Binti wa Mama Kahawa alikuwa amefika, begi mgongoni. Darasa la saba walikuwa wameruhusiwa mapema wakajiandae.

— Shikamooni.

— Marahaba, — waliitika, kila mmoja kwa wakati wake.

Aliiona kadi, akaichukua. Aliitazama kwa muda mrefu. Aligusa shavu la yule wa kwenye picha, kisha akagusa lake.

— Mama, — aliuliza, kwa utulivu kama anayetumwa dukani, — Jumatatu nipake nini ili nifanane naye?

Gundi alikaa. Flashi alimtazama yule mtoto kama ambavyo hakumtazama hata siku alipokaa kwenye kiti chake.

Mama Kahawa alianza kukusanya vikombe. Alivitoa mikononi mwao kimoja kimoja, akamwaga kilichobaki chini.

— Mimi sijamaliza, — alisema Flashi.

— Kahawa imekwisha. Fungua studio. Utampiga hivi alivyo, halafu tunakwenda wote kwa mwalimu mkuu, na wewe ndiye utakayesema ulichofanya. Akikataa kubadilisha kadi, Jumatatu utasimama na mwanangu mlangoni mwa chumba cha mtihani, umwambie na msimamizi.

Flashi aliinuka, akafungua mlango, akawasha taa. Binti alikaa kitini, akanyoosha kola ya shati la shule. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akageuza uso mpaka mbele ya kamera likabaki shavu la kulia peke yake.

Mama Kahawa alikuwa mlangoni, vikombe bado mkononi.

— Mbele, mama, — alimwambia mwanawe. — Tazama mbele.