Mzee Rubeni Shemhilu na Kikaushio cha Nne

Wapendwa waombolezaji, familia inawaletea safari ya mzee wetu Rubeni Shemhilu, na pale sauti itakapopanda mtuvumilie, maana yapo yaliyotukaa kooni.

Marehemu alizaliwa Mlalo tarehe 14 Machi 1951, akasoma hapohapo hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1966, na mwaka 1969 akaajiriwa kiwanda cha chai, kazi yake ya kwanza ikiwa kuita majina ya vibarua kila asubuhi, na hakufunga daftari kabla ya kuuliza habari za asiyeitika. Mwaka 1974 alihamishiwa kwenye vikaushio, mitambo ya kukaushia majani ya chai kwa moto wa kuni, na tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Raheli usharikani Mlalo, wakajaliwa watoto watatu, Yunis, Nathanaeli na Eliza.

Mwaka 1998 kiwanda kilibinafsishwa, na Novemba 2003 mwenye mali mpya akaleta kompyuta ndogo yenye mfumo wa kuiendesha uitwao Linux, isimamie joto la vikaushio vyote vinne. Vipo vifaa ambavyo vikichomekwa hujitambulisha vyenyewe, na Linux huvitafutia programu ya kuviendesha, lakini vipimajoto vilivyofungwa kwenye vikaushio, kimoja kwa kila kikaushio, havikuweza kujitaja, ilibidi fundi aviandike kwenye orodha inayosomwa kila mashine inapowashwa, na kisichoandikwa, hata kiwe kimefungwa nyaya na moto unawaka, kwa mashine hakipo. Ilipowaka ilitaja kwenye kioo vipimajoto ilivyovitambua, na mzee, mwita majina wa zamani, siku ya kwanza tu akaona vimeitwa vitatu. Alimweleza meneja mara tatu, kwa heshima zote, akajibiwa kwamba kompyuta haikosei, arudi kwenye kuni zake.

Tarehe 17 Februari 2004 kikaushio cha nne kilizidi joto bila mashine kujua, kikaungua pamoja na chai yote, na marehemu akafukuzwa kwa barua iliyosema alikuwa amelewa. Amelewa! Mzee wa kanisa asiyejua hata ladha ya pombe ya miwa! Kikaushio kilipotengenezwa akaja fundi mwingine, akaongeza maandishi machache kwenye ile orodha, akawasha upya, na kipimajoto cha nne kikaitwa, Selemani, mwenzake wa zamu, akiona kwa macho yake, lakini barua haikufutwa.

Mzee hakuomba kurudishwa kazini, alitaka barua moja tu ya kumsafisha jina, akaifuatilia kila mwezi kwa miguu, hadi miguu ilipovimba. Aliugua moyo tangu Mei 2006, akalazwa Lushoto, na akafariki Jumatatu tarehe 2 Oktoba 2006, asubuhi ile akiwa amemuuliza Raheli kama barua imefika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa machela hadi barabarani, na wenzake wa kiwandani, hasa Selemani, aliyeturuhusu kumtaja leo ingawa bado anakula mkate wa watu wale. Mwenye kiwanda hatumtaji katika shukrani hizi, na asituone wakosefu wa adabu, kwani ni yeye aliyetufundisha kwamba kisichoandikwa hakipo. Pumzika kwa amani, Mzee Rubeni, wewe umeandikwa.