Majani ya Nje

Kila Alhamisi alasiri, mvua ikiruhusu, benchi la karibu na bomba la maji katika bustani za mlimani, mji wa machimbo wa Saint-Étienne, huwa na wenyewe. Ni ubao mmoja juu ya matofali, katikati ya vijishamba sitini vya wastaafu, na upande wake wa kushoto umelegea, ndiyo maana huachiwa mgeni. Huguette, ambaye hakuna anayemwita hivyo tangu apewe jina la Redio, huja na themosi ya kahawa. Profesa, ambaye serikali inamtambua kama Anselme na shule ilimfukuza mara mbili, huja na maoni. Honoré huja na kimya chake. Yeye wanamwita Breki, kwa kuwa alifunga breki za baiskeli kiwandani miaka thelathini, na kwa kuwa hajawahi kufanya jambo lolote haraka. Ila Alhamisi moja ya Oktoba alikuja mbiombio na ndoo, akaitua mbele ya miguu yao.

— Haya, tazameni wenyewe.

Ndoo ilijaa frize, ile saladi chungu yenye majani yaliyojikunja kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Zilikuwa kumi na moja. Kwa nje zilikuwa kijani na afya tele. Kwa ndani, mahali palipotakiwa kuwa peupe, palikuwa na uji wa rangi ya kahawia.

— Zimeoza, Redio alisema.

— Nina macho, dada.

— Umezifanya nini?

— Nimezifunga kwa kamba, siku kumi, kama Profesa alivyonielekeza. Zikose mwanga, ziwe nyeupe, uchungu upungue.

Profesa aliweka kikombe chini taratibu, kama wakili.

— Nilisema ufunge. Ulifunga saa ngapi?

— Asubuhi.

— Asubuhi ile ya ukungu? Majani yamelowa chapachapa?

— Hukusema yawe makavu.

— Breki, mzee wangu, umefungia maji ndani. Hiyo si saladi, umeipikia supu humohumo shambani.

Redio alicheka, kisha akakumbuka na kuacha. Wote walikumbuka. Kwa miaka arobaini na moja Honoré alilima na kumwagilia, lakini kuzifanya frize ziwe nyeupe ilikuwa kazi ya mkewe, Solange. Alikuwa anazifunika kwa sahani zake kuukuu zilizobanduka midomo, na mlima mzima ulikubali kuwa hakuna frize nyeupe kama zake. Solange alifariki Februari.

— Na Mireille anakuja lini? Redio aliuliza kwa sauti ya chini.

— Jumapili.

Mireille ni binti yao, anaishi mbali, mjini Nantes. Kwenye simu alisema, kwa upole, upole ule unaouma: Baba, kama bustani imekushinda, irudishe kwa chama cha bustani, uje ukae na sisi. Honoré alimjibu kwamba aje kwanza ale saladi ya mama yake, yenye bekoni ya moto na yai lililopasuliwa ndani ya maji yanayotokota, halafu ndiyo waongee. Alitamba kidogo. Sasa matambo yenyewe yalikuwa ndani ya ndoo.

— Imebaki moja, alisema. Kamba iliniishia, nikarudi mchana jua likiwaka, nikaifunika kwa sahani yake. Hiyo ni nzima. Lakini moja haitoshi watu wawili, na ya mwakani sijui nitaifanyaje. Ninyi mlikuwa mnamwona. Alikuwa anafanya nini hasa?

Hapo ndipo alipokosea, kuuliza benchi lile swali la kweli.

— Ni sahani, Profesa alisema. Sahani za zamani zilichomwa kwa makaa ya mawe ya huku kwetu. Makaa yana baridi yake. Frize inahisi iko chini ya machimbo, inapauka kama mchimbaji.

— Wewe uliendesha tramu, baridi ya makaa umeijulia wapi? Redio alimkata. Sikiliza, Breki. Ilikuwa maziwa. Nilimwona kwa macho yangu na jagi.

— Jagi lilikuwa la paka, Honoré alisema.

— Paka gani? Hamkuwa na paka.

— Wa jirani. Solange alikuwa anamwiba kidogo kidogo.

— Basi ni mwezi, Profesa alisema. Alifunika mwezi ukichongoka kuelekea Lyon. Ukielekea upande mwingine, zinabaki kijani na zinakuwa na kinyongo.

— Alikuwa anazisemesha, Redio alisema. Hilo huwezi kulikataa. Anainua sahani, anainama, ananong'ona. Mmea ukisemeshwa unaona haya, unapoteza rangi.

Honoré alitazama mikono yake.

— Hakuwa anazisemesha. Alikuwa ananisema mimi. Kila jioni, chini ya sahani, ili nisisikie.

— Na ulikuwa unasikia?

— Yote.

Walikunywa kahawa. Ilikuwa na chikori ndani, ule mzizi mchungu wa kukaangwa, kwa sababu mama yake Redio alitoka kaskazini, na hakuna aliyewahi kuthubutu kulalamika.

Ndipo akaja mama mmoja na ndoo tupu, kufuata maji. Aliitwa Bi Fatiha, mpishi mstaafu wa hospitali, aliyepewa kishamba namba tisa mwezi uliopita. Walimkaribisha upande wa kushoto. Akakaa, ubao ukayumba, akatulia bila kulalamika. Redio akammiminia kahawa na kumsimulia habari yote kwa pumzi moja, pamoja na jagi.

Bi Fatiha akainama juu ya ndoo, akachambua frize moja kwa vidole.

— Frize moja ina majani ya ndani machache sana, alisema. Yanatosha sahani moja tu. Bwana Honoré, hayo meupe alikuwa anakula nani?

— Mimi. Na Mireille, alipokuwa nyumbani.

— Na haya ya nje, ya kijani?

— Solange. Hatukuwa tunatupa kitu.

— Ni machungu haya.

— Alisema ndiyo anayoyapenda. Sikumwona akila meupe hata siku moja.

Bi Fatiha alikizungusha kikombe mkononi.

— Alikuwa anayapenda kweli?

Aliuliza kama mpishi anavyouliza chumvi. Bomba lilidondosha matone matatu, manne.

Honoré aliinama, akachuma jani la nje, lile la kijani kabisa, lenye meno. Akalifuta kwenye mkono wa koti, akalitia mdomoni. Akatafuna. Uso ulimkunjika kama frize yenyewe. Hakutema. Alitafuna mpaka mwisho, akameza, akatazama kishamba chake, ambako sahani moja nyeupe yenye maua ya buluu ilikuwa imefunika kitu.

— Kuna majani mangapi kama hayo humo ndani? aliuliza.

— Ya kijani? Ndoo nzima, Redio alisema. Hayo hayakuoza.

— Basi inatosha.

— Inatosha nini, Breki? Si umesema moja haitoshi watu wawili?

— Nyeupe atakula Mireille. Mimi nitakula haya.

— Na akikuuliza kwa nini?

Honoré alinyoosha kikombe. Redio aliinamisha themosi, akaitikisa; yakatoka matone machache, ikaisha.

— Nitamwambia ndiyo ninayoyapenda.