Mchezo Uliokataa Kuisha

...na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikiwaambia akina mama pale kwenye sinia kabla sijaitwa mbele, wenzangu huolewa baada ya barua tamu na simu ndefu, lakini mimi nimeolewa kwa drafti.

Mheshimiwa Chifu, Mwenyekiti wa wacheza drafti wa Tarasaa, Mzee Gunga, wazazi wangu, wakwe zangu mliotoka Garsen, ndugu wageni waalikwa, pamoja na nyinyi mliofuata harufu ya pilau: assalamu alaikum.

Naitwa Najla binti Buya, na tangu Ijumaa mimi ni mke wa Tadicha. Niruhusuni nirudie, maana neno hili bado linanitekenya ulimini. Mke wa Tadicha.

Baba yangu mnamjua. Asubuhi yuko kwenye migomba yake, jioni yuko kwenye drafti mbele ya duka letu, na hashindwi. Siku Tadicha aliposimama dukani kununua sukari, akitoka kunywesha ng'ombe, baba alimkaribisha ubaoni kama paka anavyomkaribisha dagaa. Lakini vizibo vya soda havikutosha. Vitatosha vipi, wakati soda za siku hizi ni za plastiki, na kifuniko cha plastiki kikipigwa na upepo hujisogeza chenyewe? Basi Tadicha akatoa mfukoni komwe, zile mbegu za kuchezea bao, akazipanga upande wake. Alizipanga taratibu, kwa vidole virefu, na mimi nikamimina chai nje ya kikombe. Msicheke. Vidole vyenyewe vile pale, vitazameni.

Baba akaruka, akala komwe moja, akataka kuiweka kando. Tadicha akamwambia kwa adabu kwamba komwe haijui kuwekwa kando. Kwenye bao ukila, unapanda kwako. Na kwao wafugaji, akasema, ng'ombe akihamia zizi lingine hajafa, anazaa huko. Baba akafikiri. Mkulima wa Kipokomo atabishana na mtu yeyote, lakini atabishanaje na mbegu? Akaipaka komwe ile chaki ya duka, ijulikane imehama, akaipanda upande wake. Kizibo chake kilipoliwa, Tadicha naye akakigeuza chali, akakipanda kwake. Mkulima na mfugaji wakakubaliana siku hiyo hiyo, bila mkutano wa amani na bila posho.

Tatizo, ndugu zangu, ni kwamba drafti ambayo kilicholiwa hurudi ubaoni haina mwisho. Wakacheza hadi adhana, wakafunika ubao kwa sufuria, kesho yake wakaendelea, na wiki iliyofuata vilevile. Mimi nililalamika? Nilichemsha chai.

Kisha wazee wa Tadicha wakaja kuniposa, wakiongozwa na ami yake, Mzee Abdullahi. Baba, aliyekuwa ubaoni na Tadicha, akawapokea vizuri, akawaketisha, akawaambia, "Tumalize mchezo kwanza."

Wazee wakautazama ubao. Jua likazunguka duka, wao na viti vyao wakalikimbia. Nikaona nikingoja nitaolewa na meno ya bandia. Nikachukua dadu ya ludo dukani, nikapendekeza kwamba kete ikifika mwisho wa ubao isiwe kingi, mfalme wa drafti. Dadu itupwe, ikitoka sita kete iingie nyumbani kama kwenye ludo, isiliwe tena. Mzee Abdullahi akaunga mkono kabla sijamaliza. Kete zikaanza kuingia, moja moja, hadi ikabaki moja ya baba.

Hapo baba akaifumbata dadu. Akasema ina vumbi. Akaenda kuswali alasiri nayo mfukoni, akarudi, akaomba chai. Nilipomletea nikamwambia polepole, "Baba, tupa."

"Nikitupa, utaondoka."

 Tadicha ndiye aliyejibu.

"Mzee, mimi ndiye niliyeleta sheria ya kurudisha kilicholiwa."

Baba akatupa. Dadu ikaruka ubao, ikaingia chini ya kreti za soda. Mzee Abdullahi akainama, akachungulia, akainuka na kutangaza kwamba ni sita. Hakuna mwingine aliyeiona, na baba hakuomba kuiona.

Sasa, Mzee Gunga, nasikia unasema huu ni mchezo chotara, usikanyage baraza ya wacheza drafti. Nakuheshimu, lakini Jumapili nilikuona mwenyewe ukipaka komwe chaki. Ninachoomba ni kidogo. Baba yangu anajifanya ana shughuli nyingi migombani, lakini jioni atautoa ubao na kiti cha mbele yake kitakuwa kitupu. Nani atakikalia? Kakikalie wewe, Mwenyekiti. Mshindane, mgombane, muibiane kete, ilimradi asicheze peke yake.

Nawashukuru nyote, mama zangu wa jikoni kuliko wote. Baba, usinitazame hivyo, wanja wangu ni wa bei. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mimi na mume wangu, na tutalala. Asanteni kwa masikio yenu.