Mama Taa na Mistari Isiyosafiri

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Ile mistari mitatu iliyomfurahisha Mkuu wa Kituo mwezi wa pili haikutoka kwenye nyota. Ilitoka kwangu.

Sasa nianze wasifu huu wa kumuaga inavyotakiwa. Mama Taa anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha vipimo, chini ya darubini kubwa. Amewaona wakuu watano wakija na kuondoka. Wote, kwa maneno yake, walikuwa wabishi isipokuwa mmoja, na huyo alikaa miezi mitatu tu.

Kazi yake ni taa. Kabla ya darubini kuelekezwa kwenye nyota, huwashwa taa ndogo ya neoni ambayo mistari ya mwanga wake inajulikana ilipo, kama alama kwenye rula. Kisha taa huzimwa, kifuniko chake hufungwa, na mwanga wa nyota hupimwa kwa rula hiyo. Hapo ndipo tunapojua nyota ina nini tumboni. Taa hiyo yeye huifuta kwa kipande cha shuka la mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ana ndevu. Amepiga marufuku chai chumbani, ingawa chupa yake mwenyewe iko nyuma ya kabati na sote tunajifanya hatuioni.

Mwezi wa pili ilionekana supanova, yaani nyota iliyolipuka, yenye mwanga mara hamsini ya zile za kawaida. Milipuko ya namna hiyo ni michache, na wataalamu hawajakubaliana kinachoiwasha. Huenda ni nikeli nyingi inayooza na kutoa joto. Huenda nyota ilikwisha kujivua ganda la gesi ya hidrojeni, na mlipuko unaligonga. Au kiini kilichobaki ni sumaku kali inayozunguka kwa kasi na kuchochea moto kutoka ndani. Mistari ya mwanga ndiyo husaidia kuamua.

Jioni ile Mama Taa alinikabidhi taa kwa mara ya kwanza. Nilipima, nikaandika, nikatoka nikijiona nimekuwa mtu. Sikuizima taa, wala sikufunga kifuniko.

Asubuhi Mkuu alikuwa karibu acheze koridoni. Mistari mitatu myembamba, inayong'aa, na mmoja umekaa pale ambapo hidrojeni ya nyota ile ingetazamiwa. Ganda la gesi limepatikana! Ripoti ilikwisha andikwa, ikisubiri sahihi ya Mama Taa tu, maana bila sahihi hiyo hakuna kipimo kinachotoka hapa.

Mama Taa alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaitazama karatasi muda mrefu. Nyota ile inazidi kwenda mbali nasi, hivyo mistari yake yote husogea kuelekea upande wa nyekundu. Ya oksijeni na kaboni ilikuwa imesogea kwa kiasi kilekile. Ile mitatu iling'ang'ania palepale inapokaa hapa duniani.

"Mkuu, hii haijasafiri," alisema. "Ni ya taa yangu. Niliisahau ikiwaka."

Nilikuwa mlangoni. Mkuu alimtania kwamba kumbe hata Mama Taa huzeeka. Watu wakacheka, naye akacheka nao, kisha akaandika kwenye daftari la vipimo, kwa wino: kosa langu.

Nilimfuata chumbani, machozi yakanitangulia kabla sijatamka neno. Akanimiminia chai.

"Mimi natoka, wewe ndiyo kwanza unaingia," alisema. "Kwangu hili ni doa tu. Kwako lingekuwa jina. Nyamaza, mwanangu, usiniharibie."

Halafu akanisimamia niwashe taa, niizime na kufunga kifuniko mara ishirini.

Kipimo kilirudiwa. Hidrojeni haikuwapo kabisa, ila oksijeni na kaboni, na ripoti iliyotoka inaelekea kwenye ile sumaku ya ndani.

Nimenyamaza hadi leo. Lakini katibu aliponipa maelezo ya kuandikia wasifu huu, nilikuta: "Vipimo elfu kumi na moja, kosa moja." Mkono ulikataa. Vipimo ni elfu kumi na moja. Kosa la Mama Taa halipo.

Mama Taa, asante kwa macho yako na kwa mgongo wako uliobeba visivyo vyako. Mzee nyumbani amekusubiri miaka mingi mle pamoja chakula cha jioni. Nendeni mkale taratibu, kwa afya na vicheko, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi.

Nakala yake nimeichapa peke yake, ina tarehe na shukrani tu. Kwa hiyo wewe uliyeshika hii, ikunje kabla hajafika mezani kwako kwenye sherehe ya kumuaga. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie nimemsifu, basi. Mengine yabaki kwako.